Asionekane Mtu Mkubwa Kuliko Chewa

Yule dume aliuawa na kofia. Meneja wa kituo alikuwa ameleta wageni, akainama ukingoni mwa tangi kuwaonyesha jinsi samaki anavyokuja akiitwa, kofia ikamponyoka kichwani, na chewa dume akaimeza. Chewa hatafuni. Anafungua mdomo, maji yanaingia pamoja na chochote kilichomo, anafunga, mambo yamekwisha. Kwa siku kadhaa yule samaki alielea upande upande kama mtu aliyelalia shingo vibaya, kisha akafa. Walipompasua waliikuta kofia imekunjwa vizuri tumboni, utadhani imepigwa pasi. Meneja aliifua, akaianika nyuma ya ofisi, na ilipokauka akaivaa. Hakuna aliyesema neno. Watu walikuwa na watoto wa kulisha.

Kazi ya kituo hicho ilikuwa kutotolesha chewa. Mayai yanaanguliwa, vifaranga wanalelewa mpaka wafike urefu wa kidole, halafu wanauzwa kwa wenye vizimba baharini, nao wanawanenepesha kwa ajili ya mahoteli. Wazazi walikaa wote katika tangi moja la saruji, la mviringo, lenye kina kirefu na dirisha la kioo ubavuni. Sasa humo walibaki majike watupu. Jike mkubwa kuliko wote alikuwa wa rangi ya tope, mwenye madoa na mdomo ulionuna tangu kuumbwa. Wafanyakazi walimwita Mama Mkwe, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuganda penye kioo akimtazama mtu anayefanya kazi, na mtu akajiona anaikosea.

Aliyewalisha ni mama mmoja ambaye pale kazini hakuna aliyemwita ila kwa jina la Mnara. Mwenyezi Mungu alipokuwa anagawa urefu, huyu alipewa wa kwake na wa mtu mwingine ambaye hakutokea. Akifika mlangoni aliinama bila kufikiri. Mumewe, mshonaji, alimfikia kwapani, na ndoa yao ilikuwa nzuri. Mnara alikuwa mtu wa sala, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Kila asubuhi aligonga ndoo ukingoni, ngongo, ngongo, chewa wakapanda juu, naye akawatupia vipande vya ngisi mmoja mmoja ili asiwepo wa kulala njaa.

Baada ya dume kufa, meneja alimwita mtaalamu ofisini. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, msomi, mpole, aliyekuwa na ubaya mmoja tu: hawezi kusema kitu asichokuwa na hakika nacho.

"Usihofu, Meneja," alisema. "Chewa wote huanza maisha wakiwa majike. Baadaye mkubwa wao hugeuka dume. Dume akiwepo anawatisha wengine, anawafukuzafukuza, nao wanabaki majike. Akiondoka, jike mkubwa anaanza kugeuka mwenyewe, taratibu. Tuwe na subira tu."

"Kwa hiyo akiona kuna mkubwa kuliko yeye, hageuki."

"Mara nyingi ndivyo."

Meneja akasimama, akaenda dirishani. Alikuwa mtu mfupi sana, na alipofikiri jambo zito alinyanyua visigino.

"Na Mnara?"

"Mnara ana nini?"

"Kila asubuhi anasimama pale juu, pande la mtu. Si mkubwa kuliko chewa yule?"

"Mnara ni binadamu, Meneja."

"Samaki anajuaje?"

Hapo ndipo binti wa watu alipoharibu. Angecheka tu, yangeisha. Badala yake akafikiri, kwa haki kabisa, kisha akasema, "Kwa kweli sijawahi kusikia mtu aliyelichunguza jambo hilo. Siwezi kusema haiwezekani."

Alichosikia meneja ni kwamba inawezekana. Siku iliyofuata, mlango wa chumba cha tangi ulikuwa na tangazo kubwa: KUANZIA LEO MTU YEYOTE ASIONEKANE AKIWA MKUBWA KULIKO CHEWA. PIGA MAGOTI HAPA.

Ili pasiwe na ubishi, Mama Mkwe alipimwa kwa ufito, na ufito ukasimamishwa ukutani, mstari wa rangi nyekundu ukachorwa pale ambapo kichwa chake kingefika kama angekuwa anasimama kwa mkia. Kisha watu wakapangwa kupimwa, mmoja mmoja, kama watoto wanaoanza shule. Aliyeshika ufito ni fundi wa pampu, waliyemwita Bomba, mtu wa utani asiyejua pa kuishia. Zamu ya meneja ilipofika, Bomba aliangalia mstari, akamwangalia bosi wake, akaangalia tena mstari.

"Wewe, Meneja," akasema, "ukivua kofia na viatu tu, inatosha."

 Meneja aliikaza kofia kichwani, akapita. Lakini tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepiga magoti kuliko wote. Alipiga magoti kabla hajafika mlangoni, tangu kwenye korido, na akiwa ndani aliinamisha hata kichwa, ili kila mtu aone kwamba ana urefu mwingi wa kupunguza.

Kazi zikaanza kwenda kwa magoti. Mhasibu alileta risiti kwa magoti, sketi imembana, akisukuma kalamu mbele yake kwa pua. Waliofyonza uchafu sakafuni mwa tangi walivuta mpira wao wakitambaa kama wawindaji. Mtaalamu naye alitambaa, uso umemwiva kwa aibu, maana mkataba wake ulikuwa mfupi. Suruali zilitoboka magotini kituo kizima. Na suruali zikitoboka, zinapelekwa wapi? Zilikwenda kwa mshonaji, mume wa Mnara, ambaye alibuni kiraka chenye sponji ndani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake cherehani yake haikupoa.

Mnara peke yake hakupiga magoti.

Siku ya tangazo alilisoma mara mbili, akaweka ndoo chini, akaenda kubisha ofisini.

"Meneja, nitachuchumaa. Nitakaa kitako. Ukitaka nitalala kifudifudi niwatupie ngisi kwa mgongo wa mkono. Lakini magoti sipigi."

"Kwa nini?"

"Magoti yangu yana mwenyewe."

"Nani?"

Mnara akamtazama tu. Kuna maswali ambayo mtu mzima hajibiwi.

"Mama, hii si ibada," meneja akasema. "Ni uzalishaji."

"Najua, baba. Ndiyo maana sipigi."

Akajaribu kuchuchumaa. Lakini Mnara akichuchumaa mikono haikupata pa kupita, magoti yake yakimfika masikioni, na Bomba akasema anafanana na kiti cha kukunja. Akajaribu kukaa kitako, ngisi wakamwangukia mapajani. Kulala kifudifudi meneja alikataa mwenyewe, akasema wageni wakija watadhani kuna mtu amezimia.

Bomba alimfuata penye bomba la nje wakati ananawa. "Dada Mnara, nikuulize. Sakafu unaisugua umepiga magoti, nimekuona kwa macho yangu. Sakafu ni bora kuliko Mama Mkwe?"

"Pale napiga magoti kwa ajili ya uchafu. Sakafu yenyewe sijaiheshimu hata siku moja."

"Basi mfanye Mama Mkwe sakafu."

"Na wewe unayempigia, umemfanya nani?"

Bomba akakuna kichwa, akaenda kutazama pampu zake kwa magoti.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mshonaji alikuwa amezungukwa na suruali, zimeinuka kila upande mpaka sauti yake ilitokea nyuma ya rundo.

"Mke wangu, sikuingilii katika dini yako, ambayo pia ni yangu. Lakini nielewe na mimi. Ninyi mkisimama wote, kesho nashona nini?"

"Kwa hiyo nipigie magoti kiraka chako?"

"Sikusema hivyo." Akang'ata uzi. "Ila nasikia wanakuita bwana wa samaki. Bomba kaja hapa kunipa pole. Eti mke wangu ndiye dume la tangi zima. Mimi ni nani basi katika nyumba hii?"

"Wewe ni mume wangu. Wale ni wanyama wa Mungu wanaokula ngisi."

"Nilimwambia hivyohivyo. Akaniuliza, una hakika?"

Wakacheka wote wawili, ila Mnara aliacha kucheka mapema. Meneja alikuwa ametamka wazi mbele ya watu: siku Mama Mkwe atakapopimwa kama amegeuka, akikutwa bado jike, itajulikana nani aliyemzuia, na huyo atarudisha buti za kazi aende nyumbani. Mteja mwenye vizimba alikwishaanza kupiga simu kuulizia vifaranga. Na Mnara hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Watu wa kuajiri wakimwona mlangoni, jambo la kwanza walilofikiri ni dari yao.

Jioni hiyo alikaa kwenye sala yake muda mrefu kuliko kawaida. Alijipekua. Je, ni imani, au ni kiburi tu kilichovaa nguo ya imani? Mtu mrefu huzoea kutazama wenzake utosini, na hilo nalo lina hatari yake.  Alipomuuliza kiongozi wao wa ibada, yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta, na alipoona Mnara hacheki, akasema ataulizia juu. Hakusema juu wapi.

Mshonaji ndiye aliyepata wazo. Chewa anapenda miamba, alisikia kwa mkewe mwenyewe. Anaishi kwenye mapango ya miamba, na hakuna chewa anayeona wivu kwa mwamba kwa sababu ni mkubwa. Basi akashona magunia, akayapaka rangi ya kijivu, akapachika vipande vya mpira wa tairi na sufi iliyotiwa kijani kibichi, akaacha tundu la macho na matundu mawili ya mikono. Mnara akavaa, akajitazama. Mwamba hauna dhambi, akaona. Mwamba unasimama vile ulivyoumbwa.

Meneja alilizunguka jambo hilo kwa magoti, akalikubali. Kwa muda mambo yakatulia. Mwamba ulikuja asubuhi, ukagonga ndoo, ngongo, ngongo. Mama Mkwe aliupenda. Aliganda upande uleule aliosimama Mnara, na chewa mwingine akisogea, alimtimua kwa mdomo wazi mpaka ng'ambo ya tangi.

"Anaanza ubabe," mtaalamu alinong'ona, akiwa chini pale. "Hiyo ni dalili nzuri."

Lakini meneja alikuwa mtu wa kufikiri, na hapo ndipo matatizo yalipozidi. Alikesha na wazo, akaja nalo macho mekundu.

"Mwamba gani unatoa ngisi?" akauliza.

Watu wakaitazama ndoo.

"Samaki si mjinga. Mwamba unaogonga ndoo, unaotupa chakula, unaokohoa! Jana ulikohoa, Mnara. Atajua ni mtu amejificha, na mtu anayejificha ana nguvu kuliko anayeonekana. Vua hilo gunia. Siku ya kupima ni kesho. Utapiga magoti au utarudisha buti."

Mnara alivua mwamba, akaukunja vizuri, akaurudisha kwa mumewe. Mshonaji akaushika, akaipapasa mishono yake. Halafu akasema, bila kumtazama, "Hata cherehani ikipoa, sisi tutakula. Kesho simama utakavyo." Naye Mnara akalala usingizi wa kweli.

Siku ya kupima, watu wote walikuwa wamekwishapiga magoti kuzunguka ukingo wa tangi alipoingia. Aliinama mlangoni, kama kawaida yake, na meneja akapata tumaini kwa nukta moja. Kisha akanyooka.

"Haya," meneja akasema kwa uchungu. "Buti ziache pale."

Mnara akavua buti, akaziweka ukutani sawasawa, soksi ndani. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia mtaalamu anauliza, "Bomba, mbona maji hayashuki?"

Ili kumkamata chewa mkubwa, tangi lazima lipunguzwe mpaka kiunoni. Gurudumu la kupunguzia maji lilikuwa ukutani, juu, pale alipoliweka fundi aliyejenga akitegemea kwamba wafanyakazi watakuwa wamesimama. Bomba alikuwa chini yake, magotini, amenyoosha mkono na ufito, anapapasa hewa.

"Halifikiki, Meneja."

"Simama basi!"

"Nisimame mbele ya Mama Mkwe? Leo?"

Meneja akafumba macho. Kusimama leo, dakika hii, baada ya magoti yote yale! "Hapana. Usisimame. Atakamatwa maji yakiwa hivyohivyo."

"Kwa kina hiki?" mtaalamu akasema. "Nani atakayesimama humo bila kuzama?"

Wote, bila kupanga, wakageuza shingo kuelekea mlangoni.

Meneja akamgeukia Mnara. "Mama," akasema. "Gurudumu liache, pale utaonekana wote; ingia majini. Lakini uwe mdogo."

"Nitajitahidi, baba."

Akaingia taratibu, nguo zikamvimba, maji yakamfika kifuani. Alikuwa amewashika samaki hawa miaka mingi, hata wengine walipokuwa wa kubebwa kwa kiganja. Aligonga ukingo kwa vidole, ngongo, ngongo, Mama Mkwe akaja mwenyewe, amenuna, akaingia ndani ya turubai alilolitandaza chini yake kama machela. Mtaalamu akamimina maji yaliyochanganywa mafuta ya karafuu, chumba kikanuka kama kwa mtu anayetibiwa jino, na yule samaki akalegea polepole, macho yakawa ya mlevi. Mnara akamgeuza tumbo juu, akimwacha mashavu majini apate kupumua. Mtaalamu akajinyoosha kutoka ukingoni, akaminya tumbo kwa vidole viwili, kwa upole, kuelekea mkiani.

Hapakutoka kitu. 

Akaminya tena. Yakatoka majimaji meupe, mazito kama maziwa ya kopo, yakateremka kwenye kikombe kidogo cha kioo.

"Dume," mtaalamu akasema. Kisha akapiga kelele, binti yule mpole: "Dume! Huyu ni dume kamili!"

Watu wakaruka. Mhasibu alisimama, Bomba alisimama, waliofyonza uchafu walisimama na mpira wao, wakakumbatiana, wakapiga vigelegele, na uso wa maji ukajaa vivuli vya majitu.

"Chini!" meneja akalia. "Chini wote! Mnataka arudi jike?"

Wakaporomoka kwa pamoja, puu, kama magunia ya chumvi.

"Meneja," mtaalamu akasema, "mabadiliko haya si ya juzi. Kwa namna alivyokomaa, alianza zamani. Huenda alianza kabla hata ya tangazo."

Meneja akatafakari. Uso wake ukang'aa. "Kumbe magoti yetu yalifanya kazi mpaka nyuma," akasema.

Mtaalamu alifungua mdomo. Akakumbuka kwamba hakuna aliyelichunguza jambo hilo pia, akaufunga.

Wakati huo Mnara alikuwa na shughuli. Chewa aliyeleweshwa haachwi hivihivi. Lazima atembezwe mbele, mdomo wazi, maji yapite mashavuni mpaka azinduke. Basi akamkumbatia na kuanza kutembea ndani ya tangi, akizunguka pole pole, kama mama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Na meneja, kwa kuwa alikuwa na la kusema na hakuthubutu kusimama, akaanza kumfuata juu ya ukingo kwa magoti, anazunguka naye.

"Mama, mshike vizuri."

"Nimemshika."

"Huyo ndiye kituo kizima, huyo."

"Najua. Buti zangu ziko pale ukutani, Meneja. Nikitoka hapa niziache niende, au nizivae?"

 Magoti ya meneja yalisikika yakikwaruza saruji.

"Zivae," akasema.

"Na kesho?"

"Kesho uje."

"Nije vipi?"

Wakafika kwenye dirisha la kioo, wakalipita. Meneja alikuwa anahema. "Uje umesimama. Ila, mama, nakuomba, usisimame sana."

"Nitasimama kiasi changu, baba. Sina kingine."

"Sawa. Sawa. Mbona hazinduki?"

Akazinduka. Mkia ukapiga maji, meneja akaloa kuanzia kofia hadi viatu, na Mama Mkwe, ambaye sasa ilibidi atafutiwe jina lingine, akajichomoa mikononi mwa Mnara, akaenda moja kwa moja kumfukuza jike wa karibu yake.

Mnara alisimama katikati ya tangi akimtazama mpaka akahakikisha anaogelea sawa, mapezi yote yanafanya kazi. Chewa wengine walikuwa hawajala tangu jana kwa ajili ya kupimwa, wakaanza kumzunguka miguuni.

"Naomba ndoo," akasema.

Meneja aliivuta, akainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, bado yuko magotini, maji yanamtiririka kwenye nyusi. Mnara aliipokea haraka, akatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake bila nguo.

"Inuka, baba," akamwambia kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie. "Mimi usinipigie magoti. Inuka."